Ufa wa Murhula

Bahasha ilimfikia Nsimire huko Hilliard, Marekani, siku ya Jumanne, nene kama mkate, na ndani yake hamkuwa na barua. Mlikuwa na soksi ya baba yake, mzee Nshombo, na ndani ya soksi kipande cha ubao kilichooza pembeni. Alikuwa bado anakinusa kipande hicho baba yake alipopiga simu kutoka Buffalo.

"Umeupata?"

"Nimeupata, papa."

"Bon. Nitafutie mbao zingine kama huo. Nyepesi hivyo hivyo, za harufu hiyo hiyo. Dada yako Gentille nimemwagiza kitambaa huko kwake Louisville, turubai nzito ya pamba. Halafu mje wote wawili, kila mtu azibe ufa wake."

Baba hakueleza zaidi, na Nsimire hakuhitaji maelezo. Huko Kalehe, kando ya ziwa Kivu, mzee Nshombo alikuwa fundi wa mitumbwi. Nyufa za kila mtumbwi alizijaza pamba iliyochovywa katika mawese, lakini aliacha tatu kwa ajili ya watoto wake: mmoja wa Gentille, mmoja wa Murhula, mmoja wa Nsimire, kitinda mimba. Mtumbwi haukuguswa na maji kabla ya mikono hiyo kupita. Nsimire alifundishwa na Murhula. Kaka yake alimshika kidole gumba, akakisukuma pamoja na pamba mpaka ndani, akimwambia asiogope, ubao haung'ati.

Asubuhi waliyokimbia vita, mtumbwi ulijaa. Murhula, kijana wa miaka kumi na sita, aliusukuma kutoka ufukoni, akasema atawafuata na majirani. Majirani walifika bila yeye. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona hai. Miaka mingine kumi na sita ilikuwa imepita, na baba hakuwa ameunda chombo tena, mpaka jirani mmoja wa Riverside, mtaani kwake Buffalo, alipohama na kumwachia mtumbwi wa Kimarekani, wa mbao nyembamba zilizovikwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimechanika, na mbao kadhaa zimeoza.

Basi Nsimire akaanza kutafuta. Kwenye bohari alikofanya kazi ya kufunga maboksi, watu walimjua kama yule dada asiyesema. Sasa ilimbidi aseme. Aliingia duka la mbao la kwanza, akatoa kipande chake, akaonyeshwa mbao nyekundu zenye harufu kali. La pili walimwonyesha mbao nzito kama mlango. La tatu, muuzaji alikinusa kipande, akacheka kidogo, akamwandikia anwani ya mzee Leonardi, mtaa wa Clintonville.

Nsimire aliipita nyumba hiyo mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Mzee Leonardi alikigeuza kipande kwenye mwanga wa gereji yake. "Mwerezi mweupe," alisema. Nsimire aliijua mierezi ya kwenye Biblia tu, ile ya Lebanoni. Hakuwahi kudhani kwamba mtu anaweza kuifuata kwa basi.

Mzee alimchagulia mbao nne na misumari midogo ya shaba, kisha akauliza baba yake anajaza nini katikati ya mbao. Nsimire alimwonyesha kwa vidole: pamba, mafuta, kusukuma. Mzee alitabasamu, halafu tabasamu likafutika. Alieleza polepole, akirudia mpaka aeleweke. Katika mtumbwi huu mbao hazizuii maji, zinaupa umbo tu. Kinachozuia maji ni kitambaa. Mafuta yakikifikia, rangi haitashika kamwe. Katikati ya mbao pasiwekwe kitu.

Nsimire aliondoka na mbao begani, na maneno ambayo hakujua angeyafikishaje kwa fundi aliyeunda mitumbwi kabla yeye hajazaliwa.

Ijumaa Gentille alimpitia na gari, turubai ikiwa imejaza kiti chote cha nyuma. Aliipata kwa fundi wa mahema aliyekuwa akifunga duka. Njia nzima alizungumza yeye. Nsimire aliitikia tu, bila kuyataja maneno ya mzee Leonardi.

Walipofungua gereji ya Riverside, harufu ya mawese iliwapokea mlangoni.

"Papa," Gentille alisema, "unatengeneza mtumbwi ao unapika sombe?"

Mzee Nshombo alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa amebandua kitambaa cha zamani na ameshaziba nyufa zote isipokuwa tatu zilizofuatana ubavuni. Kopo la mafuta lilikuwa tayari chini, na pamba juu yake.

Gentille alikunja mikono ya blauzi. "Na huu wa katikati?"

"Huo una mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, papa."

Mzee aliokota msumari, akautazama, akaurudisha chini.

"Simsemi vibaya," Gentille alisema, na sauti yake ikashuka. "Nimechoka kumngoja. Ukibaki wazi, donc mtumbwi huu utakaa hapa mpaka sisi nasi tuzeeke. Kama huwezi, nitauziba mimi." Akachovya pamba.

Nsimire aliona mafuta yakidondoka. Alijua kwamba pamba ile ikiingia, kwa mkono usio wa Murhula, nyumbani mwao hakuna atakayeuliza habari zake tena.

"Yaya, usitie."

Wote wawili waligeuka. Aliwaambia yote, macho yake yakiwa kwenye kopo: kitambaa, mafuta, rangi isiyoshika. "Inabidi pamba itoke, papa. Yote."

"Nani kakwambia?"

"Mzee wa Clintonville."

"Analijua ziwa, huyo?"

"Anaujua mtumbwi huu, papa."

Gentille alikuwa bado ameshika pamba. "Na ufa wangu?"

"Na wako, yaya. Na wangu." Wake ndio uliokuwa umemleta, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anaunyima pamba. "Zote tatu zibaki wazi. Mtumbwi hautazama."

Mzee Nshombo alipitisha kiganja juu ya turubai, akaikunja, akaivuta kwa nguvu zake zote. Kisha akachukua kisu, akainama, akaanza kutoa pamba yake mwenyewe, uzi kwa uzi.

Kutwa ya Jumamosi walifuta mafuta na kugongelea mbao za mwerezi. Jumapili walikwenda ibada. Jumatatu, siku ya sikukuu, waliupindua mtumbwi na kutandaza kitambaa juu yake, Nsimire akiwa chini yake kuangalia mbao zisisogee.

"Kimekaza?" baba aliuliza kutoka nje.

"Kimekaza, papa."

"Weka kidole kwenye ule wa katikati."

Aliweka. Alisikia kiganja cha baba kikitembea juu ya kitambaa, kikipapasa, kikipotea, kikirudi. Kilipoufikia ufa, kidole cha mzee kilibonyeza mpaka kikakutana na chake, turubai katikati yao. Gentille aliuliza mbona wamenyamaza. Hakuna aliyeondoa kidole.