Shamba la Watu Walioondoka

Padri wa parokia ndiye aliyetutuma kwa Mama Despina. Alikuwa amesikia kwamba mimi na mume wangu Marcellin tumepata karatasi za kukaa Ugiriki, na kwamba ni lazima tuondoke kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya baridi. Wenzetu wote walikuwa wanakwenda Athene. Padri akatuambia tuutazame kwanza mji huu wa kisiwani, labda unaweza kuwa kwetu. Mama Despina, alisema, ana nyumba tupu na shamba. Hataki kodi, anataka watu.

Asubuhi ile nilimwomba Mungu anionyeshe wazi, kwa sababu mimi ni mzito wa kuelewa ishara ndogo.

Tulipanda ngazi za mawe zilizopakwa chokaa. Kwetu Nyabiondo, kule Kongo, mwezi kama huu, tungekuwa tunapanda kwenye matope, viatu mkononi, ukungu bado umekaa juu ya maharagwe. Hapa kulikuwa na jua na paka. Nilimsalimia kila mtu niliyekutana naye, na wengine waligeuka kutazama namsalimia nani.

"Mama Ngabo, punguza," Marcellin alisema. "Utamaliza salamu mbele ya kufika."

Mama Despina alikuwa amesimama mlangoni, mfupi, amevaa nguo nyeusi.

"Karibuni, bana ba Kongo! Mumechelewa, kahawa imeshapoa!"

Alizaliwa Kasenga, kule Katanga, ambako baba yake aliuza samaki wa mto Luapula. Walirudi huku akiwa msichana mkubwa. Nilimuuliza tangu wakati ule anaongea Kiswahili na nani.

"Na mapaka. Lakini hayajibu. Na bantu ba hapa wanasema niko wazimu."

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, kuta nene, na dirisha la kuangalia bahari. Marcellin aligonga milango, akafungua mfereji wa maji, akawa anatabasamu kama siku ya harusi yetu. Mimi nilitoka nje. Mlima wote ulikuwa umejengwa kuta za mawe, shamba juu ya shamba, kutoka kileleni hadi barabarani. Mikono ya watu ilibeba kila jiwe. Na kote ilikuwa miiba na majani makavu.

Kwetu shamba linakuwa hivyo kwa sababu moja tu.

"Mama, watu wa hapa, nani aliwafukuza?"

"Kufukuza nani?"

"Wenye mashamba. Walikimbia mwaka gani?"

Marcellin alinikanyaga mguu. Lakini ilibidi niulize. Chini ya nyumba yetu Nyabiondo kuna watu wanaolima shamba letu. Jirani alinieleza kwa simu: walikuja baada ya sisi kukimbia, wakakuta ardhi imelala, wakapanda. Siwajui. Usiku mwingi nimemwambia Mungu habari zao, na si kwa maneno mazuri. Sasa mimi niende kula maharagwe ya mtu anayelia mahali fulani?

"Hakuna vita," Mama Despina alisema. "Mawe ndio mengi, mvua kidogo, watoto wengi. Bamoja wakaenda Australia, baba akaenda Kongo."

"Na shamba hili iko ya nani?"

"Ya baba. Sasa yangu na ya kaka yangu Stavros. Yeye iko Melbourne."

"Amekubali tukae?"

"Sijamuuliza. Miaka makumi ine hajafika hapa. Nimuulize nini?"

"Basi mimi siwezi, Mama."

"Mama Ngabo!" Marcellin alishika kichwa. "Muntu anakupa nyumba ya bure, na weye unatafuta mwenye kukukatalia?"

"Ndiyo. Aseme mwenyewe."

Mama Despina alinung'unika kwa Kigiriki, akatoa simu. Kule Melbourne giza lilikuwa limeingia. Mzee alitokea kwenye kioo, upara na miwani, waliongea kwa kelele, kisha akaniangalia, akasema Kiswahili cha Kasenga kama dada yake.

"Weye ndiye unataka kulima kwa baba yangu?"

"Kama unakubali, Papa. Na siku utarudi, utakuta kuta zimesimama, na sisi tutatoka."

"Niko na miaka makumi munane na mbili, Mama. Nirudi kufanya nini?"

Alicheka, kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Hakuna mwenye aliniambiaka 'siku utarudi'," alisema. "Hata huyu dada yangu."

"Weye mwenyewe ulikataa kuja!" Mama Despina alipiga kelele nyuma yangu.

Mzee aliniuliza kama mti wa tini wa chini, karibu na kisima, bado upo. Nikageuza simu, nikashuka katikati ya miiba nikimwonyesha njia. "Kushoto," alisema. "Chini kidogo. Pale kulikuwa ngazi." Nilijua anachotafuta. Mimi pia nikipiga simu Nyabiondo, siulizi mavuno, nauliza habari za mti wetu wa avoka.

Mtini ulikuwepo. Upande mmoja umekauka, upande wa pili una majani mapana na matunda.

"Chuma moja," alisema. "Ukule."

Nilifanya ishara ya msalaba, nikala. Tini lilikuwa la moto kwa jua.

"Iko namna gani?"

"Iko tamu, Papa. Tamu sana."

Alivua miwani. Alikaa bila kuivaa tena.

"Basi mukae," alisema. "Na kila mwaka unipigie, uniambie kama bado iko tamu."

Huko juu Marcellin alikuwa anaita: "Amekubali? Mama Ngabo, amesema nini?" Mdomo ulikuwa umejaa tini la pili. Niliinua mkono nikamwita ashuke, na aje na kitu cha kukatia miiba.