Ukuta wa Kibla Ulipolazwa Hospitali

Niliota, usiku wa jana, kwamba ukuta wa kibla wa msikiti wetu umelazwa hospitali, nami ndiye ninayetakiwa kutia saini ya upasuaji.

Kutakiwa saini hakukunishangaza. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu niwe mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na kila kinachohitaji saini huletwa kwangu. Kilichonishangaza ni kwamba ukuta ulikuwa umeketi kwenye benchi pamoja na mihirabu yake, na wagonjwa wengine walikuwa wakiuegemea bila hata kuuomba radhi.

Yafaa nieleze jambo kabla sijaendelea, asije mtu akadhani hii ni ndoto ya aliyelala ameshiba kupita kiasi. Msikiti wetu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba zote za kale za mtaa huu. Kila mwezi wa Shaaban, kabla Ramadhani haijatufikia, huukwangua ukuta wa kibla tukaupiga lipu mpya ya chokaa, kwa kuwa ile ya zamani hupukutika. Wanaosali safu ya kwanza hurejea majumbani na unga mweupe mabegani, na wake zao huniletea salamu zisizopendeza. Mwaka huu nilichoka. Nikaamua kwamba ukuta utapigwa saruji, mara moja, yaishe. Mafundi wa saruji waliagizwa waje leo asubuhi.

Fundi wetu wa chokaa, Lali Shekuwe, aliyeurithi ukuta ule kwa baba yake kama wengine wanavyorithi shamba, alisimama Ijumaa baada ya sala akasema kwamba saruji itauua. Mimi nikamjibu, mbele ya watu wote, kwamba haulilii ukuta, anaulilia mwiko wake. Watu wakacheka. Lali akavaa viatu vyake akaenda zake, na tangu hapo hatukusemezana.

Narejea ndotoni.

Naunyanyua ukuta kwa kuushika kiwiko, tunaingia ndani. Hospitali haipo tena. Juu ya mlango pameandikwa, kwa thuluthi, hati ya Kiarabu ya kupambia misikiti, isiyo na kasoro: OFISI YA USANIFU MAALUMU. Chini yake: Dirisha la kwanza, vipimo. Dirisha la pili, sauti. Dirisha la tatu, pumzi.

Kwenye dirisha la kwanza ameketi boriti mmoja wa mkoko, mrefu, mwembamba, amevaa miwani.

"Jina?"

"Ukuta wa kibla."

"La mgonjwa ninalo. Nataka lako."

"Maalim Shee bin Badi."

"Wewe ni nani wake?"

"Mwenyekiti wake."

"Mwenyekiti si ndugu."

"Msikiti hauna ndugu, bwana. Ni nyumba ya Mwenyezi Mungu."

Boriti anaandika polepole: *Hana ndugu.* Kisha ananitazama juu ya miwani. "Una haja gani? Lakini nakutahadharisha. Humu hakizidi kitu urefu wangu. Vyumba vyote vya mji wenu vilipimwa kwangu. Nilipoishia mimi ndipo ukuta wa pili uliposimama. Na maneno ni vivyo hivyo."

Mimi nilifundishwa kwamba mwenye haja huanza kwa kumhimidi Mola, akamsalia Mtume, akawataja waliomtangulia kwa heshima, ndipo akagusa haja yake kwa mbali. Nikaanza hivyo. Sentensi yangu ikatoka vizuri, ikavuka meza, ikampita Boriti, na ilipofika katikati ikaanza kubonyea. Naiona kwa macho yangu: inaning'inia baina yetu kama kamba iliyoanikwa nguo mbichi. Watumishi wawili wanakuja mbio na nguzo, wanaitegemeza chini ya neno "ilhali."

"Kata," asema Boriti.

Nikakata. Kilichobaki kilikuwa hiki: "Nataka ukuta usipukutike."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, Maalim. Ona sasa, tumeharibu nguzo."

Nakiri kwamba sentensi fupi ilisimama imara kuliko nilivyotarajia.

Dirisha la pili limefungwa. Pamebandikwa karatasi: *Mihirabu inafikisha sauti hadi safu ya mwisho. Haina ugonjwa. Msiiguse.* Mihirabu ikakohoa kidogo kwa kujivuna.

Dirisha la tatu nililifungua, nikajikuta juu ya dari la msikiti, jua la saa sita likiwaka, wala sikupanda ngazi. Ukuta umelala chali juu ya mkeka. Daktari ni timazi ya shaba, ile ya kupimia kama ukuta umesimama wima, inaning'inia kwa uzi ambao mwisho wake wa juu sikuuona. Kuliani kwake kasimama mfuko wa saruji, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kushotoni kuna shimo la maji meupe, na ndani yake amelala Bi Chokaa, maji yakimfika kidevuni.

"Maalim," asema Mfuko, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukubaliwa, "mimi hukauka usiku mmoja. Sihitaji kungojwa."

"Subira ni jambo jema," nikamwambia, kwa kuwa ni kweli.

"Ni jambo jema kwa wenye nafasi. Wewe una Ramadhani mlangoni."

Bi Chokaa akageuza kichwa majini. "Mimi nilichomwa tanuuni, nikazimwa kwa maji, nikalazwa humu shimoni miezi minane sasa. Harusi ya mjukuu wangu imenipita. Hata sahani ya pilau sikuletewa."

"Pole, Bi Mkubwa."

"Sitaki pole. Nataka unitajie kosa langu."

"Unapukutika."

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Timazi ikatulia, nami nikaelewa kwamba inataka kusema. Timazi haiwezi kusema uongo. Ikijaribu huenda upande. "Mawe haya yalitoka baharini," ikasema, "na chumvi yake yanayo mpaka leo. Ukuta ukitoka jasho, jasho hutoka na chumvi. Chokaa huipokea chumvi hiyo, kisha huanguka nayo, jiwe likabaki zima. Unamziba Bi Chokaa kwa saruji? Jasho litarudi ndani. Chumvi italila jiwe, na lipu yako itasimama nzuri, laini, mbele ya ukuta ambao haupo."

Sikukubali. Nimesoma miaka mingi kwa mashekhe wakubwa, sikuzoea kufundishwa na kitu kinachoning'inia kwa uzi. Nikanyoosha mkono nikaitaka kalamu.

"Vyema," ikasema Timazi. "Utaratibu wetu ni kwamba mwenye kusaini hujaribiwa kwanza."

Mfuko akaomba radhi, maana adabu alikuwa nayo, akanipiga saruji kifuani na mgongoni, akailainisha kwa mwiko. Mdomo akaniachia. Kazi yake ilikuwa safi, sitamdhulumu kwa hilo. Ikakauka kabla hajanawa mikono.

"Soma ubeti," ikasema Timazi. "Wowote."

Nikatabasamu. Beti nilizohifadhi hazina hesabu, na nyingine nimetunga mwenyewe. Nikachagua mmoja wangu, nikaanza kwa mahadhi:

*Nyumba yako ya kudumu…*

Hapo, kama ajuavyo kila msomaji wa shairi, ndipo mahali pa kuvuta pumzi kabla ya kuingia nusu ya pili. Nikavuta. Haikuja. Kifua kilitaka kupanuka, saruji ikakikatalia. *Tuijenge kwa adabu* ikabaki kooni, mizani zake nane zimesongamana kama watu mlangoni. Jasho likanitoka mgongoni, likatafuta njia, likarudi. Na pale liliporudi nikahisi chumvi inaota mabegani mwangu, punje kwa punje, kama mchele.

Ukuta, uliokuwa kimya tangu hospitali, ukanigeukia pale mkekani. "Mimi nakusomeeni kutwa mara tano," ukasema. "Kila safu ya mawe yangu ina kituo chake cha kuvuta pumzi. Hicho ndicho unachotaka kukiziba."

"Kwa nini hukusema?" nikauliza kwa pumzi iliyobaki.

"Nilimtuma Lali."

Nikaurudisha mkono niliotakia kalamu. Nasema hivi waziwazi kwa kuwa si jambo linalonitokea mara nyingi.

"Unasaini?" ikauliza Timazi.

"Sisaini."

Saruji ikaanguka yote kwa mara moja. Mfuko hakukasirika hata kidogo, akajipangusa kanzu. "Si neno, Maalim. Kuna tangi la maji la kutawadhia linavuja huko uani, limenihitaji siku nyingi. Kila mtu na mahali pake pa kazi." Akashuka akaenda zake, naye pia hakutumia ngazi.

Nikadhani mambo yamekwisha, nikaanza kumshukuru Mola kwa kunionyesha yaliyo sawa. Timazi ikanikatiza.

"Bado. Faili halifungwi bila fundi."

"Fundi yuko wapi?"

"Pale ulipomweka."

Sasa tuko ukumbini, katika nyumba nisiyoijua, mbele ya vidaka vilivyochongwa ukutani safu kwa safu hadi juu. Katika kidaka cha tatu, baina ya bakuli mbili za buluu, ameketi Lali Shekuwe, kimo chake shubiri moja, magoti yamemgusa kidevu. Mwiko wake ameukalia.

"Lali, wafanya nini humo?"

"Nimepambwa, Maalim. Watu wanapita, wananitazama, wananisifu kwamba mimi ni wa kale. Hapana anayenitumia."

"Nani aliyekuweka?"

"Wewe. Ijumaa. Mbele ya watu hamsini na watatu."

Nikapeleka mkono nimtoe. Kidaka kikajibana. Nikavuta tena, kikajibana zaidi, Lali akaguna.

"Huyo hakuingizwa kwa mkono," ikasema Timazi.

Nikafahamu. Nikajisafisha koo nikaanza kwa kumhimidi Mola, nikawataja waliotangulia, na hapo hapo nikasikia maneno yangu yakianza kubonyea katikati. Boriti sikumwona, lakini nilijua yupo. Nikakata.

"Lali, niliwachekesha watu juu yako ili wasikusikilize. Nimekosa. Nisamehe."

Lali akafikiri. "Na mwiko?"

"Mwiko umefanya nini?"

"Uliutaja kwa ubaya, nao haukuwa na pa kujibia."

Mimi, Shee bin Badi, mtu wa miaka sabini na mmoja, nikainama mbele ya kidaka. "Mwiko, nisamehe na wewe."

"Yaishe," ukasema mwiko kutoka chini yake, sauti yake imefifia kwa kukaliwa.

"Basi nami nimekusamehe, Maalim," akasema Lali. "Sasa nishushe, tafadhali. Mguu wa kushoto umekufa ganzi."

Kidaka kikafunguka. Nikampokea kwa viganja viwili, naye akaanza kukua mikononi mwangu, mzito, mzito zaidi, mpaka nikaona siwezi tena kumbeba, na hapo ndipo mwadhini akaniamsha.

Nikatawadha, nikaenda msikitini. Ndoto haikuwa imenitia shaka yoyote, ilikuwa imeiondoa. Baada ya sala ya alfajiri, kulipokwisha pambazuka, mafundi wa saruji walikuwa wamekwisha fika na ndoo zao barazani. Lali alikuwa safu ya nyuma, karibu na viatu, kama alivyokaa tangu Ijumaa, uso ameuelekeza kwingine.

Nikasimama. Ndoto sikuwasimulia, kwa kuwa ndoto si hati ya ujenzi. Nikasema kwamba ukuta wa kibla utapigwa chokaa kama ulivyopigwa na wazee wetu, na saruji itakwenda kuziba tangi la kutawadhia. Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja wa kamati akauliza, "Maalim, si ulisema mwenyewe?" Nikamjibu, "Nilisema. Sasa nasema hili." Kisha nikamgeukia Lali, na safari hii waliotazama walikuwa watu wa kweli na macho yao ya kweli.

"Fundi Lali, niliwachekesha watu juu yako ili wasikusikilize. Nimekosa. Nisamehe."

Lali akainuka taratibu, akishika nguzo. Akanitazama kama mtu anayetazama mzee aliyeanza kusahau.

"Maalim," akasema, kwa upole, "utaniomba mara ngapi? Si nimekwisha kukwambia nimesamehe?"

Watu wakageuka kunitazama. Nikafungua kinywa nimuulize alinambia lini, lakini yeye alikuwa amekwisha tupita sote, akielekea kwenye ukuta na mwiko wake mkononi, akichechemea mguu wa kushoto.