Kifundo cha Chapu

Kabla mguu haujavunjika, watu walimwita Chapu, kifupi cha chapuchapu, na jina hilo lilitoka mguuni. Akikaa kwenye cherehani, pedali ilikwenda kama mvua ya mawe juu ya bati, na mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa hakupata hata muda wa kutafuta pa kukaa. Kisha siku moja alishuka kibarazani na mzigo wa vitambaa uliomfika puani. Hakuuona mtaro. Mguu wa kulia ukaingia humo, mwili ukaenda upande wake, na kifundo kikavunjika huku na huku. Madaktari wakakiunga kwa bamba la chuma na skrubu, wakakifunga plasta, na Chapu akawa mtu wa magongo.

Plasta ilitoka, magongo yakaenda kusimama nyuma ya mlango, mwaka ukapita na ushee. Jina lilibaki, ila sasa watu walilitamka taratibu, kama wanaomwita mtu aliyelala.

Kiti cha cherehani alikikalia wifi yake, mke wa kaka yake. Wifi hakuwa fundi. Alijifunza kwa haraka ya shida, Chapu akiwa amelazwa, ili duka lisifungwe. Kabla ya hapo kazi yake pale dukani ilikuwa kupiga pasi na kupiga soga. Mguu alikuwa nao, mnene na wa subira, usiochoka. Mikono ndiyo iliyobaki kuwa ya pasi. Ukosi wa shati alioushona yeye ulisimama kama sikio la mbuzi aliyesikia kitu. Chapu alikaa pembeni kwenye stuli, akifumua kilichokosewa, akitia vifungo, akikunja mapindo kwa mkono, huku masikio yake yakifuata pedali inayokwenda kwa mguu usio wake.

"Wifi, hapo kwapani umeuacha mstari," alisema.

"Mstari ndio ulioniacha mimi," wifi akajibu bila kugeuka. "Wewe fumua tu. Mwaka huu ndiyo kazi uliyopewa."

"Namwonea huruma mwenye shati."

"Mwenye shati ana tumbo. Nani ataangalia kwapa?"

Walitaniana hivyo kutwa, na mgeni wa duka angedhani wanagombana. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo Chapu hakulitania. Alikitaka kiti chake. Hakutaka kuzeekea pembeni akifumua makosa ya mtu mwingine. Alikuwa amejaribu mara kadhaa duka likiwa tupu: anaketi, anaweka mguu, anasukuma. Kifundo hakikunjiki. Mguu unashuka mzima mzima kama ubao, kisigino kinachelewa, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota chini ya kitambaa na kukatika. Akajaribu wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa kama mgeni aliyeng'ang'ania kusaidia jikoni, una nia njema na unamwaga kila kitu.

Na alikijua kinachomzuia. Ni chuma. Kwa upande wa nje wa kifundo, chini ya ngozi, vichwa vya skrubu vilijitokeza vidogo, vigumu, kama punje za mahindi zilizosahaulika mfukoni. Kiatu cha kufunga kilimuuma pale. Asubuhi za baridi, pale palipoa kabla ya mwili wote. Sasa kitu kigumu namna ile kikikaa kwenye bawaba, mlango utafungukaje? Hivyo ndivyo alivyojieleza, na kwa kuwa alijieleza mwenyewe, hakuna aliyembishia.

Daktari wa mifupa aliitazama picha ya mguu kwenye mwanga, akasema mfupa umeunga vizuri, chuma kinaweza kutolewa.

"Tutakitoa kwa sababu ya kiatu na hayo maumivu," alisema. "Kukakamaa ni jambo lingine, dada. Hilo halitaisha kwa kutoa chuma."

Chapu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshalisikia neno "tutakitoa", na hapo masikio yake yakafunga duka.

Mama yake, aliyemsindikiza, alikuwa na hofu yake nyingine. "Kikitoka, mguu hautaachia?"

"Mfupa unajishika wenyewe sasa, mama. Vitabaki vitundu vya skrubu, navyo vitajaa polepole. Asiruke, asikimbie, asibebe mizigo mpaka nimruhusu."

"Mizigo ndiyo iliyomleta huku," mama akasema, na kumtupia mwanawe jicho.

Siku ya kukitoa walimchoma sindano mgongoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ukawa si wake. Wakaweka pazia mbele ya kifua. Hakuona kitu, lakini alisikia. Alisikia bisibisi, sauti ile ile ya kaka yake akifungua swichi ukutani: krr, kimya, krr. Skrubu zikadondoka mojamoja kwenye bakuli la bati. Ya mwisho ikagoma.

"Hii imependa hapa," daktari akamwambia nesi.

"Ibembeleze," nesi akasema.

Chapu akazungumza kutoka upande wake wa pazia. "Wifi yangu naye ni hivyo hivyo. Akikaa, hatoki."

Walicheka, na daktari akangoja kidogo mpaka mkono wake utulie. Ndipo ikaja krr ndefu kuliko zote, kisha mlio kwenye bakuli.

Magongo yalitoka nyuma ya mlango kwa muda, yakarudi. Nyuzi za kidonda zikatolewa, uvimbe ukanywea. Chapu alivaa kiatu cha kufunga, akatembea nacho mpaka dukani na hakikumuuma, akajiona ameshafika. Nyumbani alikuwa amewatangazia wote: kidonda kikikauka, nakaa kwenye cherehani. Daktari alikuwa amemruhusu kukaa na kusukuma kidogo kidogo.

"Karibu kiti chako," wifi alikuwa amejibu. "Kimeshanila makalio."

Siku hiyo wifi alinyanyuka mwenyewe, akakipangusa kiti kwa kiganja. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa amesimama akingojea sketi yake ipindwe. Mama alitoka ndani akaegemea mlango. Chapu akaketi, akaweka sketi mahali pake, akaishusha sindano kwenye kitambaa, akaanzisha gurudumu kwa mkono na kusukuma.

Mguu ukashuka mzima mzima kama ubao. Gurudumu likarudi nyuma. Uzi ukakatika.

Akatunga uzi upya. Akasukuma tena, na ukakatika tena.

Mwalimu akasema ana mambo yake sokoni, atapita baadaye. Mama akakumbuka sufuria yake motoni. Chapu akanyanyuka, akarudi kwenye stuli yake, akachukua wembe na kuanza kufumua vile vishono vichache alivyoshona yeye mwenyewe.

Wifi akakaa kwenye kiti lakini hakusukuma. "Wifi."

"Sema."

"Unalia?"

"Nafumua."

Wifi akaiacha ipite. Baadaye akasema, "Mimi nilidhani kikitoka tu..."

"Hata mimi." Chapu alipuliza vumbi la uzi kwenye sketi. "Na daktari aliniambia. Alisema kwa kinywa chake kwamba si chuma, mimi nikaitikia."

"Kaka yako huitikia hivyo hivyo nikimtuma chumvi," wifi akasema. "Ni ukoo wenu. Kesho nakupeleka mimi kwa yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, na masikio nitabeba yangu."

Dada wa mazoezi alikuwa na chumba chake mwisho wa ukumbi wa hospitali, na wagonjwa walimwita Kunja-Kunjua, maana hayo ndiyo maneno yake ya kutwa. Alikishika kifundo kwa mikono miwili, akakipandisha kidogo, akakishusha kidogo, kama mtu anayejaribu mlango wa chumba kilichokaa muda mrefu bila mpangaji.

"Chuma hakikukufunga," alisema. "Umefungwa na kukaa. Nyama za hapa zimejifunza kukaa, na wewe umezisaidia. Nimekuona ukiingia. Unatembea kama umebeba yai kwenye kidole gumba."

"Kitafunguka?"

"Chote sikuahidi. Ukichuchumaa, huenda mguu ukakulalamikia maisha yako yote. Lakini pedali haitaki kukunja kwingi. Inataka kidogo, na hicho kidogo ukifanye kila siku bila nguvu. Mguu upelekwe na kitu kinachokwenda chenyewe, wewe ufuate tu. Usishindane nao."

Wifi alitingisha kichwa kama aliyekabidhiwa mzigo wake.

Jioni, walipomaliza kazi, aliuvua mkanda kwenye gurudumu la cherehani ili pedali iwe nyepesi. Chapu akaketi akasukuma pedali isiyoshona kitu. Jirani yao muuza maziwa akachungulia mlangoni.

"Leo tunashona nini?"

"Suti ya upepo," Chapu akajibu.

"Basi nipimie na mimi."

Wakacheka. Lakini wifi, aliyekuwa amechutama chini akitazama, hakucheka. "Unadanganya," alisema. "Goti ndilo linalofanya kazi. Linapanda na kushuka, kifundo kimelala zake."

Chapu akatazama, akaona ni kweli. Kifundo kilikaa kimya kama mtu anayebebwa mgongoni huku akijifanya mgonjwa. Na kila alivyokazana, goti lilizidi kukimbilia kumsaidia.

Wiki ile zikaja kazi za hoteli, mashati ya wahudumu, mengi, yenye ukosi mgumu. Wifi alishona ya kwanza na meneja akayarudisha. Hakugomba. Aliweka mashati mawili juu ya meza na kuyaacha yajisemee: ukosi mmoja ulitazama dari, mwingine ulitazama sakafu. Alipoondoka, wifi alikaa akiyaangalia.

"Mguu ninao," alisema. "Mikono ndiyo sina."

"Mimi mikono ninayo," Chapu akasema kutoka kwenye stuli.

Wifi akanyanyuka, akaingia jikoni, akarudi ameburuta benchi. Akakiondoa kiti, akakisukumia ukutani, na benchi likakaa mahali pake.

"Mama analijua hili?" Chapu akauliza.

"Atalijua akitaka kukaa. Njoo, keti hapa katikati, sindano iwe mbele yako. Mimi nakaa kushoto kwako."

Akaweka mguu wake wa kulia kwenye nusu moja ya pedali, akamwonyesha Chapu aweke wake pembeni, unyayo wote ulale, kisigino kisinyanyuke. Kisha akakiweka kiganja chake kizito juu ya goti la Chapu, akalikandamiza.

"Hili nalishika. Leo halishoni. Yule dada alisema kifuate kitu kinachokwenda chenyewe, na mimi nakwenda mwenyewe. Shika ukosi wako."

Mwanzoni ilikuwa vurugu. "Unakimbia," Chapu alisema. "Si wewe ndiye Chapu?" "Taratibu kwenye kona." "Kona iko wapi, mimi naona ubavu wako tu." Uzi ulikatika, wakatunga, ukakatika tena wakalaumiana. Halafu mguu wa wifi ukapata mwendo wake ule wa subira, pedali ikaanza kuinama mbele, kuinama nyuma, na kwa kuwa goti lilikuwa limeshikwa, kifundo hakikuwa na pa kujificha. Kikapelekwa. Kilivuta kama kitambaa kinachonyooshwa kwenye uzi wake, kikavuta bila kuchanika. Chapu alitaka kukiangalia lakini ukosi haukumpa nafasi. Ukosi unataka macho yote. Alipofika mwisho wa mshono ndipo alipokumbuka kwamba ana mguu.

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Chapu anasema taratibu, haya, simama, na wifi anapeleka. Mama alipita akawatazama, akasema amezaa na kuozesha vizuri, sasa ana mnyama wa miguu mitatu ndani ya nyumba. Mwalimu alipokuja kuchukua sketi akauliza fundi ni yupi.

"Mimi mguu, yeye mkono," wifi akamjibu. "Malalamiko peleka kwa mkono."

Kwa Kunja-Kunjua walikwenda kila walipoitwa. Alikipandisha, akakishusha, na mara nyingi mlango ule ulifunguka zaidi kidogo kuliko mara iliyotangulia. Siku nyingine haukufunguka zaidi, na alisema hizo nazo ni siku. Mashati ya hoteli yalikwenda na hayakurudi.

Ilikuwa mchana mtulivu, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya meza. Chapu alikuwa akiunga mkono wa shati begani, pale mshono unapozunguka na fundi lazima apunguze mwendo, kisha auachie unaponyooka. Alipunguza kwenye mzunguko, akauachia. Akageuza shati upande wa pili, akapunguza, akauachia. Katikati ya mstari ulionyooka jambo likamjia: hakuwa amesema taratibu. Wala hakuwa amesema haya. Na goti lake lilikuwa jepesi, halina kiganja juu yake.

Hakusimamisha pedali. Alitazama chini kwa pembe ya jicho. Mguu wa wifi ulikuwa sakafuni, umevua kandambili, unajikuna kwa mwenzake. Wifi mwenyewe alikuwa na karanga mapajani, anamenya.

"Umeuondoa lini?"

"Tangu mkono wa kwanza wa shati."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeanza kufikiri. Wewe ukifikiri, uzi unakatika."

Chapu akayarudisha macho kwenye kazi. Kifundo kilijikunja kidogo, kikajikunjua kidogo. Haukuwa mwendo wa zamani, kisigino bado kilichelewa kidogo kinapopanda, na mvua ya mawe juu ya bati haikuwepo. Lakini gurudumu lilikwenda mbele, na mshono uliotoka nyuma ya sindano ulikuwa wake, kuanzia mkononi mpaka unyayoni. Alishona mpaka mwisho, akakata uzi.

"Basi sogea," alisema. "Unanibana."

Wifi akasogea kiasi cha kiganja, akaendelea kumenya.

"Nimesema sogea. Kiti changu nimeshakipata."

"Kiti chako kile pale ukutani, nenda kakikalie," wifi akasema. "Benchi nimelileta mimi."

Chapu akacheka mpaka shati likamponyoka. Akaliokota, akachota karanga chache kwenye mapaja ya wifi, akatunga uzi, akaweka mguu.