Mahali pa Jina

Bogumił Wrzos alikuwa akiandika michezo ya mambo yasiyoingia akilini, na katika mmojawapo mimi niliigiza karani. Mke alikuja ofisini kumuulizia mumewe, nami nikamjibu, "Mama, mtu huyo hajawahi kuzaliwa." Watu wa mji wetu wa Łódź walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Jumapili moja mchana, baada ya onyesho, bibi mmoja alitufuata nyuma ya jukwaa, koti bado mwilini.

"Wewe ndiye mwandishi?" alimuuliza Bogumił. "Nani alikusimulia habari za mume wangu?"

"Hakuna, mama. Nilitunga tu, watu wacheke."

"Ulitunga! Polisi wa serikali walimchukua Ludwik Sowa wangu mwaka wa arobaini na tisa. Nilipokwenda kumuulizia, nilijibiwa hivyohivyo. Hata hiyo 'mama' waliniita."

Bogumił aliketi juu ya sanduku la mavazi. Tangu siku hiyo aliogopa kushika kalamu. "Sijui ni nani anayenisemesha," aliniambia.

Hata hivyo alimwandikia yule mke wa mchezoni amtaje Ludwik Sowa. Wakaguzi wa serikali, waliosoma kila mchezo kabla ya kuigizwa, wakalifuta jina. Basi mwigizaji wa yule mke akifika pale alinyamaza, akanikazia macho, na ukumbi mzima ukanyamaza naye.

Wiki ya tatu, katika kimya hicho, mwanamume nisiyemjua alitaja jina la mtu kutoka viti vya nyuma. Kisha mwingine akataja la mtu wake aliyechukuliwa. Zamu yangu ya kujibu kwamba mtu huyo hajawahi kuzaliwa ilipofika, sikuweza kufungua kinywa.