Pembetatu Nyekundu

Daktari huyu alikuwa wa sita tangu mwaka uanze. Alipozungusha kiti ili amtazame, hewa iliyosukumwa na mwendo wake ilimgusa Solfrid shavuni, na Solfrid akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Umeme wa maumivu ukapita kutoka sikioni hadi meno ya juu. Ulipokatika, mate yalikuwa yakimchuruzika kidevuni. Hakuthubutu kuyafuta.

"Ni neva ya uso," daktari akasema, akisoma kwenye kompyuta.

"Najua. Wenzako watano wamenieleza." Solfrid alisema midomo ikiwa karibu imefumbwa.

Daktari alikuwa kijana wa muda kutoka kusini, mwenye soksi mpya za sufu. Ijumaa angeondoka.

"Karbamazepini ilisaidia?"

"Ilinyamazisha kila kitu. Nilikula mkate, nikacheka hadi nikaogopa. Lakini samaki mmoja nilimwona wawili." Akainua kidole gumba chenye kovu la kisu. "Daktari aliyefuata akanipa gabapentini. Macho yakatulia, maumivu yakarudi, nikaiacha."

"Turudi kwenye ile ya kwanza. Dozi ndogo, tupandishe polepole. Mwili huzoea."

"Ina pembetatu?"

"Zote mbili zinayo."

Pembetatu nyekundu kwenye boksi: dawa hii inaweza kulegeza akili, jihadhari na gari na mashine.

"Na upasuaji?"

"Uko kwenye foleni. Miezi minane. Kwa sasa pumzika nyumbani."

"Mwaka wangu wa kupumzika kwa ugonjwa huku nikilipwa ulikwisha Januari, daktari."

Kijana akageukia tena kompyuta. Kisha akaandika dawa.

Kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi Solfrid, ofisi ya Torgeir msimamizi ilikuwa juu ya ukumbi wa kukatia minofu, yenye dirisha la kuwatazama wanawake waliojipanga mstari kwenye mkanda unaoleta samaki. Kila Jumatatu alipitisha fomu: unatumia dawa yenye pembetatu, ndiyo au hapana? Anayesema ndiyo hagusi kisu. Anahamishiwa gatini, kupokea makasha ya chewa kutoka kwenye boti.

"Gatini kuna upepo, Torgeir. Upepo ndio unaoniua."

"Si utakuwa na dawa?"

"Dawa naianza kwa chembe tu, haitazuia kitu kwa sasa. Unaujua upepo wa Machi, au tangu upewe ofisi umeusahau?"

"Kanuni sikuitunga mimi. Ni usalama wako."

"Wewe nilikufundisha kisu. Ulikuwa unakata samaki kama unapasua kuni."

Torgeir akacheka, kwa sababu ni kweli. Halafu akasogeza kalamu.

"Ndiyo maana naongea nawe kama mtu wangu. Andika ndiyo, nenda gatini. Andika hapana, rudi mstarini. Au kaa nyumbani, nitafute mwingine. Mimi sikulazimishi, Solfrid. Uamuzi ni wako."

Boksi la dawa lilikuwa mfukoni mwa Solfrid, halijafunguliwa. Angeweza kuandika hapana na kumeza. Fomu ingedanganyika. Kisu kisingedanganyika, wala kidole gumba hakikuwa na nafasi ya kovu la pili. Akaandika hapana, na ili iwe kweli, akaenda kulifungia boksi kabatini pamoja na viatu vyake.

"Umerudi, bibi harusi?" Jorunn, jirani yake mstarini, alimtania alipoona skafu iliyomfunika uso hadi machoni.

Solfrid akapepesa jicho moja. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake siku hizi.

Alikata wa kwanza, wa pili, wa tisa. Kisu kiliteleza kando ya mgongo, mnofu ukajitenga safi. Kisha mtu akafungua mlango wa ukumbi kupitisha barafu, na upepo ukaingia.

Solfrid hakupiga kelele. Alisimama mdomo wazi nyuma ya skafu, machozi yakimtoka, huku mkanda ukileta chewa mwingine, na mwingine. Jorunn akanyoosha mkono, akamvuta chewa wa Solfrid upande wake. Mwanamke wa pili akamvuta chewa aliyefuata. Hakuna aliyeinua kichwa.

Juu, Torgeir alisimama dirishani, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kutoka pale hakuuona uso nyuma ya skafu, ila aliweza kuuona mkono wa Solfrid ulioshika kisu. Haukutetemeka hata kidogo, sawasawa na kanuni ya usalama inavyotaka.