Sampuli ya Mwezi wa Sita

Rudaina alifungua chupa, akainusa, akaifunga haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisichomhusu. Kisha akaifungua tena, maana huenda pua ilikuwa imemdanganya.

Haikuwa imemdanganya. Jeli ilinukia zabibu.

Kwa miaka kumi na mitatu kazi yake katika kiwanda kile cha dawa, huko Sahab nje kidogo ya Amman, ilikuwa kuzeesha dawa kabla ya wakati wake. Alikuwa na chumba chenye joto la digrii arobaini usiku na mchana, na unyevu wa kumfanya mtu alowe shati kwa dakika mbili. Dawa mpya ikikaa humo miezi sita, inakuwa kama imekaa miaka miwili kwenye rafu ya duka. Ikitoka salama, inaruhusiwa kuuzwa. Na jeli hii, iliyotimiza mwezi wake wa sita humo, haikutakiwa kuwa na harufu yoyote, si ya zabibu wala ya kitu kingine.

Ilikuwa jeli ya kupaka vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, vile vidonda vinavyokataa kupona mpaka daktari anaanza kuzungumzia msumeno. Aliyeibuni ni Daktari Ghassan, mwalimu wa chuo kikuu huko Irbid, mtu mrefu mwenye haya, ambaye kwa miaka tisa hakuwa na habari nyingine mdomoni. Alianza na panya, akaenda kwa sungura, kisha kwa watu wachache wazima, mwishowe kwa wagonjwa mia moja na sitini. Vidonda vilifunga. Rudaina aliziona picha kwa macho yake, na siku ile alimpigia makofi pamoja na wenzake.

Lakini kipindi chote hicho jeli ilikuwa ndani ya chupa za glasi. Kampuni ilipoinunua, watu wa mauzo walisema glasi itavunjika kwenye mikoba ya wagonjwa. Wakachagua chupa laini ya plastiki, nyeupe, yenye pampu ndogo juu. Ilipendeza. Hakuna aliyejiuliza kama chupa inaweza kuila dawa.

Rudaina alipima. Kihifadhi, ile kemikali inayozuia vijidudu visizaliane ndani ya jeli, kilikuwa kimebaki chini ya robo. Akapima tena, akapima chupa nyingine nne. Kilikuwa kimenywewa na plastiki yenyewe, polepole, mwezi baada ya mwezi. Akapeleka matone kwa Suhair, mwenzake wa maabara ya vijidudu. Baada ya siku mbili Suhair alimwita kwa kidole, akamwonyesha visahani alivyooteshea yale matone. Vilikuwa vimejaa utando wa kijani uliong'aa.

"Huyu mdudu anatoka kwenye maji, na ile harufu ya zabibu ni yake," Suhair akasema. "Aliingia siku jeli ilipotengenezwa, wawili watatu tu. Kihifadhi kikiwepo, hafurukuti. Kikiondoka, anafanya harusi."

"Na akiingia kwenye kidonda?"

Suhair akavifunika visahani. "Unajua jibu, dada. Usinifanye niliseme."

Mkurugenzi wa uzalishaji, Mhandisi Tayseer, alimpokea kwa tabasamu na kikombe cha kahawa yenye iliki. Nyuma yake ukutani palikuwa na bango lililofika siku ile: mwanamke mzee akitembea peku juu ya majani mabichi. Zilibaki siku kumi dawa izinduliwe katika hoteli moja kubwa ya mjini.

Akaisoma taarifa mpaka mwisho, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Rudaina, chumba chako kile ni Jahannamu ndogo. Mtu gani nchi hii anaishi kwenye digrii arobaini?"

"Gari lolote lililoegeshwa hapo nje linazidi, Mhandisi. Tuko Julai."

"Wagonjwa hawalali ndani ya magari."

"Dawa zao zinalala."

Akacheka. Kicheko chake kilikatika ghafla, kama redio iliyozimwa. "Sikiliza. Ya mwezi wa tatu ilikuwa safi, si ndiyo? Andika hiyo. Hii ya sita tuseme mashine ya joto ilipata hitilafu, tutarudia kwa utulivu baada ya uzinduzi."

"Mashine haikupata hitilafu."

"Mashine zote hupata hitilafu." Akamsogezea kahawa yake, ambayo hakuwa ameigusa. "Una likizo hujaichukua tangu mwaka juzi. Nenda Aqaba, kaogelee. Ukirudi utakuta mambo yamekaa sawa."

Rudaina akatoka mle ofisini. Hakutishwa, hakutukanwa, hata sauti haikupandishwa. Hilo ndilo lililomtia baridi.

Akashuka moja kwa moja ghalani kwa Abu Sanad, mtunza ghala, ajue kama kuna chupa yoyote iliyokwisha kutoka. Abu Sanad alikuwa mzee mnene mwenye sharubu nyeupe, anayempa kila mtu jina la utani. Rudaina alipewa la Bibi Tanuri.

"Karibu, Bibi Tanuri! Umekuja kunichoma na mimi? Kaa, chai ya majani ya maramia ipo."

"Ami, zile chupa za toleo la kwanza, la Januari, ziko wapi?"

"Ziko wapi? Zimeolewa zote!" Akapekua daftari lake. "Mia nne zimeenda kwa madaktari mwezi wa Mei. Zawadi, wazijaribu, waisifie dawa. Karak, Ma'an, Tafila, Zarqa, kote. Kwani hawakukwambia?"

"Hawakuniambia."

"Na moja nimepewa mimi na Mhandisi kwa mkono wake." Akajipigapiga paja. "Kwa huu mguu wangu. Unajua nina sukari. Siku za mwanzo kidonda kilianza kunywea vizuri, wallahi. Sasa kimerudi kidogo, lakini naendelea kupaka. Nipake nisipake, mke wangu Umm Sanad anasema mguu wangu unanukia vizuri kuliko mimi mwenyewe. Zabibu tupu!"

Akacheka peke yake.

"Unaiweka wapi hiyo chupa, ami?"

"Garini. Nitaiweka wapi tena, na mimi nashinda hapa?"

"Vua soksi."

"Astaghfirullah! Binti mzima unamwambia mzee avue soksi?"

"Ami Abu Sanad, vua soksi."

Sauti yake ilimnyamazisha mzee. Akainama kwa taabu, akaivuta. Bandeji ilikuwa na rangi ya kijani kibichi, rangi ileile ya visahani vya Suhair, na pembeni yake ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa mpaka juu ya kifundo. Mstari mwembamba mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kwenye muundi.

"Inauma?" akamuuliza.

"Haiumi hata kidogo," akasema Abu Sanad, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha woga. "Ndiyo nikadhani inapona."

Rudaina alimtia ndani ya gari lake mwenyewe, akawasha taa za hatari, akakanyaga mafuta. Njiani mzee alijitahidi kufanya mzaha juu ya uendeshaji wake, lakini meno yalikuwa yakigongana. Homa ilikuwa imekwisha kupanda. Hospitalini walimpitisha moja kwa moja. Jioni ile walimkata vidole viwili na kipande cha unyayo. Daktari aliyetoka chumba cha upasuaji aliwaambia Umm Sanad na Rudaina kwamba angechelewa siku moja, wangezungumza habari ya goti. Na siku mbili, wasingekuwa na haja ya kuzungumza.

Umm Sanad alimshika Rudaina mikono, akamwombea dua ndefu, akamshukuru kwa kumwokoa mumewe. Rudaina alishindwa kumtazama usoni. Shukrani zile zilimwelemea kuliko matusi.

Asubuhi alipofika kazini, kadi yake haikufungua mlango wa chumba cha joto. Mlinzi akamwambia kuna matengenezo. Mezani pake faili la jeli lilikuwa wazi, na ndani yake palikuwa na karatasi mpya ya mwezi wa sita, imechapwa vizuri. Tarakimu zote zilikuwa nzuri. Chini kabisa palikuwa na jina lake, na juu ya jina nafasi tupu ya sahihi. Aliyeiandika alijua kazi yake: hakuweka tarakimu nzuri kupita kiasi.

Suhair alipita nyuma yake akijifanya anatafuta kalamu. "Visahani vyangu wamevichukua jana," akanong'ona. "Viwili nimeviweka kwenye mfuko wa chakula changu. Vichukue uondoke navyo. Nina watoto watatu, dada, zaidi ya hapo usiniombe."

Rudaina aliondoka navyo. Akaendesha saa moja na nusu hadi Irbid, kioo cha dirisha kimeshushwa, ule mfuko ukiwa kwenye kiti cha abiria kama mtu.

Alimkuta Daktari Ghassan ofisini kwake akijaribu koti jipya la siku ya uzinduzi. Lebo ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkono. Rudaina hakuzungusha maneno. Aliweka mezani visahani, pamoja na chupa na nakala ya vipimo vyake alizokuwa amezificha garini, akamweleza habari ya plastiki, kisha ya Abu Sanad.

Daktari akakiinua kisahani kimoja kwenye mwanga. Akakitazama muda mrefu mno.

"Hii si yangu," akasema. "Yangu ilikuwa kwenye glasi."

"Najua, Daktari."

"Vidonda vilifunga. Mia moja na sitini. Wewe uliona."

"Niliona."

Akakaa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Rudaina hakuwahi kuisikia kwake, "Nani mwingine anajua?"

Rudaina akautazama mlango. Akaelewa kwamba amemletea ushahidi wote mtu mwenye mengi ya kupoteza kuliko wote, na mlango umefungwa. Akanyoosha mkono, akavirudisha visahani mfukoni taratibu.

"Niachie mpaka kesho," Ghassan akasema. "Miaka tisa, Rudaina. Usiku mmoja tu."

Rudaina akauchukua ule mfuko. Akaondoka.

Siku ya pili alimpigia simu mara sita, hakupokea. Ya saba ilikuwa imezimwa. Basi Rudaina akavaa nguo zake za heshima, akachukua ule mfuko, akaenda mwenyewe kwenye ofisi za mamlaka ya dawa mjini. Alikuwa amejiandaa kutoaminiwa. Alikuwa amejiandaa hata kwa Mhandisi Tayseer kuwa amefika kabla yake.

Kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa idara ya usajili, alikaa Daktari Ghassan. Hakuwa amenyoa, na hakuvaa lile koti. Magotini alikuwa na sanduku la karatasi: madaftari yake yote ya utafiti, na barua ya kuiondoa dawa yake sokoni kabla haijafika.

"Nimezima simu," akamwambia bila kuinua macho. "Tayseer alikuwa anapiga kila dakika tano. Niliogopa nikimsikiliza nitakubaliana naye."

Rudaina akakaa kando yake. Wakaitwa ndani pamoja.

Uzinduzi ulifutwa. Kiwanda kilifungwa wiki tatu, wakaguzi wakaingia na kutoka na mabegi, na kwenye mabomba ya maji wakamkuta yule mdudu. Mhandisi Tayseer aliandika barua ya kujiuzulu kwa sababu za kiafya. Baada ya mwezi mmoja Suhair alisikia amepata kazi kama hiyohiyo nchi jirani. Abu Sanad alitoka hospitali kwa magongo, mwili umepungua nusu. Watu walipomtembelea aliwachekesha kwa habari ya binti aliyemvua soksi, lakini Umm Sanad alimwambia Rudaina kuwa mzee hataki tena zabibu ndani ya nyumba, na akiiona dawa yoyote mpya anaitazama kwanza kwa robo saa.

Zilibaki zile chupa mia nne.

Mamlaka ilitoa tangazo, likasomwa redioni mara mbili kwa siku. Rudaina, ambaye kiwandani hakuna aliyejua tena amwite mwenzao au msaliti, alipewa meza, simu, na orodha ya kliniki. Mwisho wa wiki ya kwanza zilirudi mia mbili na kumi. Wiki ya pili, zaidi ya sabini. Nyingine madaktari walikuwa wamekwisha kuzitupa. Nyingine zilirudi zimetumika nusu, na kila moja ya hizo ilimaanisha simu nyingine, jina, mguu wa mtu. Wanne walikuwa wamelazwa. Mmoja, huko Zarqa, alikuwa amezikwa Juni, na familia yake ilikuwa imeambiwa ni sukari.

Baada ya hapo idadi haikusogea tena. Chupa sitini na tatu hazikuonekana.

Siku moja adhuhuri alipata kliniki moja ndogo upande wa Ma'an ambayo simu yake ilikuwa haipokelewi siku zote. Muuguzi akaitika kwa sauti ya uchovu.

"Ndiyo, tuliletewa mbili. Moja ninayo hapa, haijafunguliwa."

"Usiifungue, dada yangu. Na ya pili?"

"Ya pili daktari alimpa mzee mmoja Mbedui. Kidonda kwenye kisigino. Tulimwambia apake kila siku, asikose."

"Jina lake?"

"Aliandikwa jina la baba tu. Hawana anwani wale."

"Unaweza kumtuma mtu?"

"Nilishamtuma dereva tuliposikia redio. Alikuta majivu na kamba. Wamehama na kondoo wao, wameelekea mashariki kutafuta maji. Redio hawana." Muuguzi akashusha sauti. "Lile joto la huko, dada, unalijua?"

"Nalijua," akasema Rudaina.

Akaliandika jina la baba, na mahali pa anwani akaandika "mashariki." Kisha akateremsha kidole kwenye mstari uliofuata, akapiga namba.