Kuonja Si Kula

"Malaria huna, mimba huna, sukari iko sawa," nesi Dela alisema, akizigeuza karatasi za vipimo. "Sasa huo uchovu unatoka wapi?"

Akpene akatabasamu kwa aibu. Hata yeye alijiuliza hilo tangu mvua zianze. Zamani alitwanga udongo mweupe wa Anfoega asubuhi nzima, akaufinyanga kuwa mayai ya udongo ya kutafunwa, akayapanga juu ya moshi bila hata kuketi. Siku hizi akiinua mchi mara tatu anapumzika. Wifi yake Yawa, mwenye tanuri, alikwisha kumwambia waziwazi: mwezi ukiisha hivi, atatafuta mtu mwingine.

Nesi akamvuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Akamtoboa kidole, akapima.

"Damu sita, na inatakiwa ifike kumi na mbili. Dada, unatembeaje wewe? Hedhi inatoka nyingi?"

"Ya kawaida."

"Unakula nini?"

"Ugali wa akple, mchuzi wa bamia, samaki."

"Na kingine?"

"Hakuna." Alisema kweli, kwa jinsi alivyoijua.

Nesi akautazama mdomo wake. Pembeni palikuwa na vumbi jeupe.

"Na udongo?"

"Aa, huo siuli. Naonja tu. Yai likiiva, ulimi ndio unaojua."

"Unaonja mangapi kwa siku?"

Akpene akaanza kuhesabu. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, vya wa pili vikaisha, akaikunja mikono mapajani.

Nesi hakumcheka. "Udongo unazuia mwili kupata madini ya chuma. Lakini pia mtu akipungukiwa damu, hutamani udongo. Kipi kilianza, sijui. Kesho leta choo tutazame minyoo. Meza vidonge hivi, na huo ulimi upumzike."

Upumzike! Alikuwa na nini kingine? Wanunuzi wa soko la mji wa Ho waliyaita mayai ya Yawa, ila waliyataka yaliyopita kinywani mwa Akpene. Njia nzima aliogopa.

Yawa alikuwa ameketi kando ya tanuri. "Malkia karudi. Wamekukuta na nini, uvivu?"

"Damu imepungua. Wamenikataza kuonja."

"Wewe? Si bora wangekukataza kupumua." Yawa akacheka, kisha akaacha. Akatwaa yai kwenye moshi, akalimega, akatafuna. "Basi nitaonja mimi. Kwani unadhani ukinipa mgongo huwa nafanya nini?"

Akainuka kufuata kuni. Katikati ya ua akashika nguzo, akahema.

Akpene alimtazama. Akamwendea polepole, maana nguvu za kwenda haraka hakuwa nazo.

"Wifi, hebu geukia jua."

"Ya nini?"

"Geuka tu."

Akaweka kidole gumba chini ya jicho la Yawa, akalivuta kope. Yawa akasubiri, kinywa kimeacha kutafuna.